KISIMA NA CHOO KATIKA KIWANJA KIMOJA

Mada ifuatayo ilitolewa na mtaalamu wa ubora wa maji mbele ya kamati za maji, viongozi wa dini na watendaji wa mitaa kutoka Temeke na Kinondoni. Tunaichapisha kwa kuwa wasomaji wetu wengi wanasimamia visima vilivyo kwenye nyumba za ibada, shule na zahanati.



Nimeombwa nizungumzie ubora wa maji ya visima katika mitaa yetu, na sitawachosha kwa lugha ya maabara. Wengi mliomo humu ndani mnasimamia kisima. Kiko uani kwa msikiti, nyuma ya kanisa, pembeni mwa shule au zahanati. Wengine mmekabidhiwa na wafadhili, wengine mlichangishana wenyewe. Kila alfajiri watu hupanga ndoo na madumu yao hapo, na kila alfajiri wanawaamini ninyi bila kuuliza swali.

Hoja yangu leo ni moja. Katika mitaa yetu, maji tunayoyachota na uchafu tunaoufukia vimo katika udongo uleule, na macho na ulimi haviwezi kutuambia vimekutana lini. Kipimo ndicho kinachoweza kutuambia. Na kipimo kikishatuambia, sisi tunaosimamia visima tuna wajibu wa kuwaambia wanaokunywa.

Kwa nini bado tuko visimani

Jiji la Dar es Salaam linategemea zaidi mto Ruvu. Mtambo wa Ruvu Juu ulijengwa mwaka 1959 na ule wa Ruvu Chini mwaka 1976. Kabla ya hiyo, mwishoni mwa miaka ya 1940, ulijengwa mtambo mdogo wa Mtoni unaochota maji ya mto Kizinga huku kwetu Temeke. Mitambo ya Ruvu imepanuliwa, lakini jiji nalo halikusimama. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu karibu milioni 2.5. Ile ya 2012 ilihesabu 4,364,541, na ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Yaani katika miaka 20 tumeongezeka zaidi ya mara mbili, katika ardhi ileile.

Bomba linapokauka, watu hurudi kisimani. Ilikuwa hivyo katika ukame wa mwaka 1997, visima vingi vilipochimbwa jijini kwa dharura. Ikawa hivyo tena mwishoni mwa mwaka 2022, kina cha Ruvu kiliposhuka na mgao wa maji ukatangazwa. Kwa hiyo tusidhani kisima ni kitu cha zamani kitakachoondoka chenyewe bomba likifika. Kisima ni akiba ya jiji hili, na akiba hulindwa.

Sasa tutazame upande wa pili wa kiwanja. Kaya zilizounganishwa na mabomba ya majitaka jijini ni chache. Kwa miaka mingi makadirio yamekuwa karibu kaya moja katika kumi. Sisi wengine tunatumia vyoo vya shimo au makaro. Choo kikijaa, gari la kunyonya majitaka mara nyingi haliwezi kupita vichochoroni mwetu, na likipita gharama yake ni kubwa kwa mpangaji wa chumba kimoja. Basi watu wanangojea mvua. Mvua kubwa ikinyesha usiku, choo kinatapishwa. Shimo linatobolewa ubavuni au linachimbwa jingine kando yake, na uchafu unaachiwa uende na maji. Kila mmoja humu ndani anajua harufu ya asubuhi inayofuata, na watoto ndio wa kwanza kuyakanyaga yale madimbwi.

Hesabu ya kiwanja

Naomba tufanye hesabu ndogo ya shule ya msingi. Miongozo ya kimataifa inayotumiwa na mashirika ya misaada, ijulikanayo kama Sphere, inasema shimo la choo liwe angalau mita 30 kutoka kwenye chanzo cha maji, na kitako cha shimo kiwe angalau mita moja na nusu juu ya usawa wa maji ya ardhini.

Chukua kiwanja cha mita 20 kwa mita 20. Weka choo kwenye kona moja na kisima kwenye kona ya mbali kabisa, kwa mshazari. Umbali kati yao ni kama mita 28. Hapo hujajenga nyumba, na tayari umeshindwa kutimiza mita 30. Na hapo pia hujamhesabu jirani. Choo chako kinaweza kuwa mbali na kisima chako, huku cha jirani kikiwa hatua sita nyuma ya ukuta. Viwanja vyetu vingi huko Manzese, Tandale, Keko na Tandika ni vidogo kuliko hicho nilichokitaja, na vimezungukwa na vyoo pande zote nne.

Mita 30 nazo si mstari wa kichawi. Udongo huchuja maji, na vimelea vingi hufa vikisafiri polepole ndani ya mchanga. Ndiyo maana Ujerumani, kwa mfano, eneo la ulinzi kuzunguka kisima hupimwa kwa muda. Maji yachukue angalau siku 50 tangu yanapoingia ardhini hadi yafike kisimani. Mchanga mwembamba wa pwani yetu husaidia kuchuja. Lakini masika yakija, maji ya ardhini hupanda. Katika maeneo ya mabondeni hupanda hadi yakaingia ndani ya shimo la choo lenyewe. Wakati huo hakuna tena udongo mkavu wa kuchuja kitu, kwa kuwa choo na kisima vimekuwa bwawa moja.

Wako wanaosema, "Sisi kisima chetu ni kirefu, hayo hayatuhusu." Ni kweli kwamba kisima kirefu ni salama zaidi. Chini ya sehemu kubwa ya jiji kuna mchanga wa juu wenye maji, kisha tabaka la udongo wa mfinyanzi, kisha mchanga mwingine wenye maji. Mfinyanzi huo ni kama mfuniko wa sufuria. Lakini mchimbaji akitoboa mfuniko, akateremsha bomba, asizibe vizuri nafasi inayobaki kati ya bomba na udongo, ameacha njia ya maji ya juu kuteremka moja kwa moja. Urefu wa kisima haumsaidii mtu ambaye kisima chake hakikuzibwa.

Vitu vitatu visivyoonekana

Nikipewa maji ya kisima cha mtaani, natafuta kwanza vitu vitatu.

Cha kwanza ni dalili ya kinyesi. Hatupimi kila kimelea cha ugonjwa, kwa kuwa ni vingi na ni ghali kupima. Tunatafuta bakteria aitwaye E. coli, anayeishi katika utumbo wa binadamu na wanyama. Akiwamo, tunajua kinyesi kimefika, na kilipofika kinyesi kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara vina njia. Shirika la Afya Duniani linataka asionekane hata mmoja katika mililita 100 za maji ya kunywa, ambazo ni chini ya nusu glasi. Tukumbuke Agosti 2015. Kipindupindu kilianzia Kinondoni, kikaenea mikoa mingi ya Tanzania Bara, na katika miezi iliyofuata wagonjwa walioripotiwa walipita 20,000 na waliofariki walipita 300.

Cha pili ni naitreti. Mkojo na kinyesi vina naitrojeni nyingi, na ndani ya udongo hugeuka kuwa naitreti, ambayo huyeyuka kabisa katika maji. Mchanga hauichuji. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Kiwango cha juu kinachoelekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita. Ikizidi, walio hatarini zaidi ni watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji hayo, kwa sababu huzuia damu yao kubeba hewa ya oksijeni na mtoto huanza kuwa wa bluu midomoni. Na hapa naomba tusikilizane vizuri: kuchemsha hakuondoi naitreti. Unapochemsha, maji hupungua kwa mvuke na naitreti inabaki, kwa hiyo kila lita iliyobaki ina naitreti nyingi kuliko mwanzo.

Cha tatu ni chumvi. Sote tunayajua maji ya chumvi ya visimani, yanayokataa kutoa povu la sabuni. Chumvi hiyo ina sababu zaidi ya moja, na mojawapo ni sisi wenyewe. Katika pwani, maji baridi ya ardhini hukaa juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi. Wataalamu wawili wa Ulaya, Ghyben na Herzberg, waligundua zaidi ya miaka 100 iliyopita kwamba kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hushikilia kama mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Igeuze hesabu hiyo. Tukivuta kwa pampu hadi maji yashuke nusu mita, chini huko maji ya bahari yanaweza kupanda, taratibu, kwa kama mita 20. Na haihitajiki bahari nyingi kuharibu kisima. Ndoo moja ya maji ya bahari ikichanganywa na ndoo 50 za maji baridi, ulimi tayari unaonja chumvi.

Tazameni basi jinsi ulimi unavyotudanganya. Chumvi ambayo kwa kawaida haituui haraka, ulimi unaijua. Kinyesi na naitreti, vinavyoweza kumuua mtoto, ulimi hauvijui. Matokeo yake mtaani tunaviita visima vya chumvi vibaya na visima vya maji matamu vizuri, na tunakunywa kwa amani.

Somo la mtaa mmoja wa London

Jambo hili halikuanza kwetu. Mwaka 1854 kipindupindu kilizuka katika mtaa wa Broad Street, London, jiji lililokuwa tajiri kuliko yote duniani wakati huo. Katika majuma machache walikufa zaidi ya watu 600 katika eneo dogo ambalo ungelizunguka kwa miguu kabla chai haijapoa. Katikati yake palikuwa na pampu ya maji ya kisima, na maji yake yalisifiwa kwa ubaridi na ladha. Alikuwapo mjane aliyehamia mbali, nje ya eneo hilo, na bado akiagiza aletewe maji ya pampu ile kwa mkokoteni kwa kuwa aliyapenda. Naye aliugua, akafa.

Daktari John Snow alisema chanzo ni pampu, na mkono wa pampu ukaondolewa tarehe 8 Septemba. Wengi hawakumwamini. Mmoja wa wasiomwamini alikuwa kasisi kijana wa parokia ya hapo, Henry Whitehead. Kasisi huyu alianza kufanya uchunguzi wake ili aonyeshe kwamba daktari amekosea. Aliwajua watu wake kwa majina. Alikwenda nyumba kwa nyumba, akarudi nyumba ileile mara ya pili na ya tatu, akauliza nani alikunywa nini na siku gani. Mwisho ushahidi ulimshinda. Tena yeye ndiye aliyemgundua mgonjwa aliyetangulia wengine: mtoto mchanga wa nyumba iliyopakana na pampu, ambaye mama yake alimwaga maji ya nepi katika karo la mbele ya nyumba. Karo lilipofukuliwa, lilionekana liko chini ya mita moja kutoka kisimani, na matofali yake yamelegea.

Nawasimulia haya kwa sababu mbili. Ya kwanza, karo na kisima cha Broad Street ndivyo hivihivi vyetu. Ya pili, daktari alikuwa na fikra sahihi, lakini aliyemaliza kazi ni kiongozi wa dini aliyekuwa tayari kutembea, kuuliza, na kukubali jibu asilolitaka. Humu ndani wapo watu wenye nafasi kama ile. Mimi nikija mtaani kwenu na chupa zangu, mlango unafunguliwa nusu. Mkija ninyi, mnakaribishwa uani.

Mto nao ni sehemu ya kisima

Mito yetu haitengani na visima. Mto Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, unapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani hadi baharini penye daraja la Selander, na unapokea mto Sinza kutoka upande wa Kinondoni. Temeke tuna Kizinga na Mzinga. Kinachotapishwa kwenye mtaro hufika kwenye mito hiyo, pamoja na oili chafu ya gereji, maji ya viwandani na taka za plastiki.

Mto una uwezo wa kujisafisha, lakini uwezo huo una kipimo. Bakteria wanaokula uchafu hutumia hewa iliyoyeyuka katika maji. Uchafu ukizidi, hewa huisha, samaki kama perege hutoweka, na wanaobaki ni kambare, ambaye anaweza kupumua juu ya maji, na minyoo myekundu ya matopeni. Kwa hiyo viumbe ni mashahidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameandaa hata utaratibu wa kuupa mto alama kwa kuhesabu wadudu wa majini, unaojulikana kwa kifupi kama TARISS. Mahali palipo na wadudu wa aina nyingi, mto ni mzima. Mahali palipobaki aina mbili tatu zinazovumilia uchafu, mto unaumwa, hata kama siku hiyo maji yanaonekana meupe.

Na mto unarudi nyumbani kwa njia ya kikapu. Mwaka 1999 Bahemuka na Mubofu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha utafiti wao juu ya mboga za majani zilizolimwa kandokando ya mito ya Sinza na Msimbazi. Walipima ndani ya mboga hizo madini ya risasi, kadimiamu, shaba na zinki. Risasi na kadimiamu hazitoki kwa kuosha mchicha wala kwa kuupika. Vimelea moto huviua, madini hayaungui. Sisemi haya ili wakulima wa bondeni wafukuzwe, kwa kuwa wanatulisha na wanalisha watoto wao. Nasema kwamba aliyemwaga kitu mtoni huko juu amekimwaga kwenye sahani ya mtu huku chini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ilizuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Tukisimama darajani leo, tunaweza kuhesabu wenyewe ni mita ngapi zimebaki.

Nini kifanyike

Sikuja kuwatia hofu halafu niondoke. Yapo mambo ambayo kamati yoyote ya maji inaweza kuyafanya.

Kwanza, choreni ramani. Chukueni daftari na kamba ya mita 30. Simameni kisimani, mzunguke pande zote, mwandike kila choo, kila karo, kila jalala na kila zizi lililomo ndani ya kamba hiyo, likiwamo la jirani. Kazi hii ni ya asubuhi moja, haihitaji mfadhili.

Pili, pimeni maji angalau mara mbili kwa mwaka: mara moja wakati wa masika, maji ya ardhini yanapokuwa juu, na mara moja kiangazi. Ombeni vipimo vya E. coli, naitreti na chumvi. Maabara za ubora wa maji za Wizara ya Maji hufanya kazi hii. Sampuli ichukuliwe kwa chupa iliyotakaswa, bila kugusa mdomo wake, iwekwe kwenye barafu na ifike maabara siku hiyohiyo. Sampuli iliyolala kwenye bajaji juani haitasema ukweli. Na kwa wanaopanga kuchimba kisima kirefu, anzeni na kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na mwandike katika mkataba kwamba mchimbaji hatalipwa sehemu ya mwisho mpaka kisima kizibwe na majibu ya maabara yaonekane.

Tatu, lindeni mdomo wa kisima. Sakafu ya zege isiyo na nyufa, mfereji wa kupeleka mbali maji yanayomwagika, mfuniko unaofungwa. Kama bado mnachota kwa kamba, iwepo ndoo moja ya kisima, isiwekwe chini, na asiteremshe mtu ndoo yake ya nyumbani. Simtanki nalo lisafishwe, maana maji safi yakihifadhiwa katika tanki lenye utelezi hayawi safi tena.

Nne, wafundisheni watu kutibu maji nyumbani. Kuchemsha kunaua vimelea, ila mkaa ni ghali. Dawa ya klorini inafaa maji yakiwa hayana tope, na lazima ingojewe nusu saa kabla ya kunywa. Asiye na uwezo wa vyote viwili aweke maji maangavu katika chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita mbili, ailaze juani kwa saa sita, au siku mbili kama kuna mawingu. Mionzi ya jua huua vimelea. Maji yakishatibiwa, yakae katika chombo chenye mfuniko na bomba, kisichotumbukizwa kikombe. Kumbukeni tu kwamba njia zote hizi ni za vimelea. Haziondoi naitreti wala chumvi.

Tano, tusaidiane kuhusu vyoo. Nyumba tano za kichochoro kimoja zikichangishana kunyonya kwa siku moja, gharama hugawanyika. Ziko pia pampu ndogo za mkono zinazofika mahali gari lisipofika. Nyumba ya ibada inayoweza kuanzisha mfuko wa mazishi inaweza kuanzisha mfuko wa vyoo, na pengine mfuko wa vyoo utapunguza kazi ya ule wa mazishi.

Majibu yakiwa mabaya

Namalizia na jambo gumu kuliko yote niliyoyataja. Siku majibu yatakapotoka maabara na kuonyesha kwamba kisima kina kinyesi, kamati itafanya nini?

Nafahamu uzito wake. Kila ndoo inayouzwa inalipa umeme wa pampu, inalipa mlinzi, inanunua mkeka wa madrasa au kinanda cha kwaya. Kuna jina la mfadhili pale ukutani. Kuna mtu wa mkokoteni ambaye riziki yake ya siku ni madumu 20 kutoka kwenye bomba hilo. Kishawishi cha kuikunja karatasi na kuiweka kabatini ni kikubwa, na atakayefanya hivyo atajiambia kwamba watu wamekunywa maji haya miaka kumi na hawajafa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Tofauti hapa ni kwamba anayeficha ni mwingine na anayekufa ni mwingine.

Majibu mabaya hayana maana kwamba kisima kifungwe siku hiyohiyo. Ukifunga ghafla, watu watakwenda kwenye maji mabaya zaidi, au watanawa mikono mara chache kwa kukosa maji, na hilo nalo ni njia ya kipindupindu. Fuateni hatua. Tangazeni siku hiyohiyo kwamba maji haya yasinywewe bila kutibiwa. Takaseni kisima kwa klorini chini ya uangalizi wa mtaalamu, mrekebishe sakafu na mfuniko, halafu mpime tena. Yakirudi mabaya mara ya pili na ya tatu, chanzo kiko ardhini, na klorini ya siku moja haitakiponya. Hapo andikeni ukutani kwa herufi kubwa: MAJI HAYA NI YA KUFULIA NA USAFI, SI YA KUNYWA. Kisima kitaendelea kuuza, na hakuna atakayedanganywa. Kama tatizo ni naitreti, waelezeni mama wote wenye watoto wachanga kwamba mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya kwanza, kama wauguzi wanavyoshauri siku zote, na kama kuna maziwa ya kopo yasikorogwe kwa maji hayo.

Kisha bandikeni majibu, mazuri au mabaya, mahali palepale pa kulipia ndoo: tarehe, kipimo, maana yake kwa Kiswahili, na siku ya kupima tena. Kamati ikibandika majibu mabaya mara moja, majibu yake mazuri yataaminiwa siku zote.

Ndugu zangu, kisima ni sadaka nzuri. Lakini sadaka haikamiliki siku ya kukata utepe. Inaendelea kila siku ndoo inapojaa, na inaendelea na yule mtoto anayepokea kikombe bila kujua kilichomo. Naomba kila kamati iliyo hapa iondoke na swali moja la kujibu kabla ya masika: kisima chetu kilipimwa lini mara ya mwisho, na karatasi ya majibu iko wapi?